Asante kwa Kazi

Shemeji yangu Blanchard Mbayo alikuwa mshairi wa serikali. Vijana wa leo nikiwaambia hivyo wanacheka, wanadhani ni mtu aliyejipachika cheo. Lakini wakati wa chama kimoja kazi hiyo ilikuwepo Kolwezi, mji wetu wa migodi katika Katanga, nayo ilikuwa na nyumba, pikipiki, na kiti karibu na wakubwa kwenye kila sherehe. Waziri akija kutoka Kinshasa, Blanchard alisimama uwanjani akamkaribisha kwa beti. Siku ya sherehe za bwawa la Nzilo, alilisifu bwawa. Migodi ikitoa shaba nyingi, aliisifu migodi. Ikitoa kidogo, aliwasifu wachimbaji ili wasiulize kwa nini. Kila asubuhi mbele ya bendera, watoto wa shule waliimba maneno yake kabla hawajajua kuandika majina yao.

Sisemi haya kumdharau. Alikuwa na kipaji. Alizaliwa Lubudi, mtoto wa mchungaji, na tangu utoto alizoea kuona watu wazima wakinyamaza baba yake akifungua kinywa. Alimwona dada yangu Ndaya kwenye sikukuu ya wafanyakazi kule Kapata, kambi ya kampuni ambako tulizaliwa, na haukupita muda akaja kubisha hodi kwa baba, kuposa.

Baba yetu, Henri Kazadi, aliletwa kutoka Kasai na waandikishaji wa mgodi akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijaota. Alizeekea Kapata, fundi wa pampu zinazovuta maji chini ya ardhi. Wajomba zetu walinung'unika waliposikia mchumba ni mtu wa Katanga. Baba aliwasikiliza wakamaliza, kisha akasema, "Muntu anajua kusema muzuri hivi, hawezi kumupiga mwana wangu."

Na kweli, Blanchard hakumpiga Ndaya hata siku moja.

Baba alimpenda mkwe wake kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo tulivyomtania. Redio ikitangaza shairi la Blanchard, Baba aliita majirani, akapandisha sauti, akakaa akitazama redio kama vile Blanchard yumo ndani yake. Likiisha alisema, "Huyu ni wetu." Majirani walikuwa Waluba wa kaskazini, Walunda, Wabemba, na wote waliitikia kwa vichwa. Wetu.

Kisha mambo yakaanguka. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka, shaba ikapungua, na ghala la kampuni ambako tulikuwa tunapewa unga likabaki na panya. Chama nacho kikaisha. Rais alisema mwenyewe sasa vyama ni vingi, na siku hiyohiyo nyimbo za asubuhi zikakatika. Hakuna aliyemfukuza Blanchard kazi. Waliacha tu kumwita.

Nilikuwa nakaa kwao wakati huo, nasoma sekondari na kumsaidia Ndaya kukaanga vitumbua vya kuuza, maana ndivyo vilivyolisha nyumba. Blanchard aliamka mapema kama zamani, akavaa shati lake jeupe, akakaa barazani. Gari likipita aliinua kichwa. Watu waliomwinamia miaka yote sasa walimsalimu kwa mkono mmoja, wengine walimwita "Tata Bendera" na kucheka. Nilimwonea huruma. Njaa ya chakula angeweza kuivumilia, kwa kuwa alikuwa mtu wa kula kidogo. Kutosikilizwa ndiko kulikomkausha.

Kisha habari zikaanza kutoka mji wa Likasi. Huko Kinshasa mkutano mkuu ulikuwa umemchagua waziri mkuu mtu wa Kasai, na wakubwa wapya wa jimbo letu walikuwa wanasema redioni kwamba Wakasai wamekula Katanga vya kutosha, warudi kwao. Watu walifukuzwa kazini, wakafukuzwa majumbani. Sokoni Kolwezi tukaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga Kasai. Kiluba cha kwetu nilikisema vibaya, Baba alikuwa akinicheka.

Mchana mmoja gari lilipita, likasimama. Alishuka bwana mmoja aliyeitwa Kalumba, mkurugenzi wa mambo ya utamaduni katika hao wakubwa wapya, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Blanchard alimkaribisha sebuleni. Mimi na Ndaya tulikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi.

"Tata Mbayo," Kalumba alisema, "Katanga inarudi ku mikono ya benyewe. Lakini inchi bila wimbo ni inchi gani? Tunakutafuta weye."

"Munataka wimbo gani, Tata Directeur?"

"Wimbo wa kuaga bageni."

Blanchard aligeuka kutazama mlango wa jikoni. Kisha akasema polepole, "Bibi yangu ni Mukasai."

"Minajua. Njo maana tunakuya kwako. Mwingine akiimba, batasema ni chuki. Weye ukiimba, batasikia haki." Akanywa maji tuliyompelekea, akaongeza, "Na hii nyumba yako, hakuna muntu atagusa hata mulango yake. Ni neno yangu."

Gari lilipoondoka Ndaya aliingia sebuleni, mikono bado ina unga.

"Tata Shekina, hao bageni ni banani?"

"Mama Shekina, sikia. Nikikatala, batamupa Omer, mushairi mwenzangu. Unamujua Omer. Atabaita bilulu, atabaita mavi, na batu batachukua mapanga. Mi nitaweka heshima ndani. Hautasikia tusi hata moja."

"Kama haina tusi, itakuwa na nini ndani?"

Shekina, binti yao mdogo, alikuwa anacheza chini na kifuniko cha sufuria, naye Blanchard alimruka akaenda kutafuta kalamu. Nilimwona uso alipopita. Ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa pumzi yake.

Kuhusu tusi, alitimiza neno lake. Wimbo ulipoimbwa uwanjani, mbele ya umati ambao sikuwahi kuuona hata wakati wa mawaziri, haukuwa na neno baya hata moja. Alianza kuusema yeye, peke yake, kwa ile sauti yake inayoshuka mwisho wa mstari, kisha vijana wakaupokea kwa ngoma:

*Asante mugeni, asante kwa kazi,*
*mikono yako ilichimba, macho yetu yalijionea.*
*Leo kwenu banakuita, njia iko wazi,*
*kunja mukeka polepole, mama anakungojea.*

Ulikuwa mtamu. Ukiusikia mara moja ulikuwa umekwisha kuujua. Hata baadhi ya Wakasai wenzetu walisema afadhali, huyu angalau ametukumbuka, ametushukuru. Ndaya alizima redio. Usiku na mchana wimbo ulitoka kwenye redio za majirani, kwenye baa, kwa mama wanaotwanga. Hata Shekina aliuimba, mpaka mama yake alipomfunika kinywa kwa kiganja, taratibu, naye mtoto akalia kwa kutoelewa amekosa nini.

Nilikuwa Kapata siku vijana walipofika kwa Baba. Sehemu nyingine za mji watu walipigwa, wengine waliuawa. Mlangoni kwetu waliimba. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakinisikia nasema "walituimbia" wanadhani nawatetea.

Aliyewaongoza alikuwa Gradi, mtoto wa jirani, ambaye Baba alimfundisha kuendesha baiskeli. Alipiga hodi. "Tata Kazadi," alisema, na hakuweza kumtazama machoni, "asante kwa kazi." Wenzake wakaangua kicheko, wakaanza wimbo. Walitoa kitanda wakiimba. Walitoa sufuria, redio, nguo za marehemu mama zilizokuwa zimefungwa ndani ya shuka. Waling'oa mlango. Wawili walipanda kung'oa mabati na wa chini wakawapigia makofi kwa mapigo ya wimbo, na kila kitu kilipopita mbele ya Baba walisema kwa adabu, "Asante, Tata." Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani. Mwishowe wakasimama mbele yake wakingoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wanangoja kiti.

Baba alisimama. Akamwuliza Gradi, "Munaimba mama ananingojea. Mama gani? Wa kwangu alikufa mi ningali mutoto, sina hata meno."

Gradi akaimba kwa nguvu zaidi, na kiti kikaenda.

Tulikwenda stesheni kwa sababu hakukuwa na kwingine kwa kwenda. Mji wote wa Wakasai ulikuwa pale: walimu, mafundi, wauza nguo, manesi, wazee waliostaafu na medali zao. Tulilala kwenye veranda za stesheni, kwenye madarasa ya shule, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye matawi. Ilikuwa majira ya mvua. Treni ilikuja kwa nadra, na ikija ilibeba wachache, wengine wakining'inia juu ya mabehewa. Watoto walishikwa na surua, wakubwa na kuhara. Masista walipika uji wa mahindi, na watu ambao jana walikuwa na jokofu walisimama kwenye mstari na bakuli.

Nyumba ya Blanchard haikuguswa. Kalumba alikuwa mkweli. Ndaya alikuja stesheni kila siku na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kichwani, akapita barabarani katikati ya vijana wale wale, nao wakamwachia njia wakisema, "Ni bibi ya mushairi." Aliniambia kwamba afadhali wangemtupia mawe.

"Mutu akinitukana, nitamutukana," alisema siku moja, akimwosha Baba miguu. "Nitamutemea mate. Lakini akinishukuru? Nitamujibu nini, Laurentine? Asante inajibiwa na nini?"

Kisha Blanchard akaja. Hakuja peke yake. Alikuja kwenye gari la Kalumba, na nyuma yao gari jingine lenye Wazungu wenye kamera, kwa sababu dunia ilikuwa imeanza kuuliza habari za Kolwezi na wakubwa walitaka kuonyesha kwamba watu wanaondoka kwa hiari, kwa amani, kwa kuagana. Walimpandisha juu ya kreti. Alikuwa na shati lile jeupe, limepigwa pasi, na nikajua nani alilipiga pasi.

Alianza kusema shairi jipya, la kuaga. Hakuna aliyemzomea. Tulikuwa tumechoka mno. Mstari wa pili au wa tatu, mama mmoja aliyeitwa Kabedi alisimama na mtoto wake mgongoni, akasogea mpaka kwenye kreti.

"Tata," alimwambia, "mu ile gari muko na maji? Mutoto wangu anakauka."

Blanchard alisita. Nilimwona akimtazama mtoto. Kalumba alimwashiria kwa kidole, hivi, aendelee. Naye akaendelea. Alisema beti zote hadi mwisho, huku Mama Kabedi amesimama chini yake, ameinua uso, anangoja kama mtu aliyeuliza njia.

Baada ya hapo alitutafuta. Wazungu walikuwa wanapiga picha za behewa. Alimkuta Baba amelala juu ya gunia, macho yameingia ndani, akapiga magoti kwenye tope, suruali ikachafuka.

"Tata," alisema. "Tata, twende ku nyumba. Batakuacha. Nilisema nabo."

"Na aba?" Baba aliuliza, akionyesha veranda yote kwa kidevu.

Blanchard aligeuka kutazama gari la Kalumba.

"Mukwe. Ile wimbo, ni weye kweli uliitunga? Batu banasema, mi nilikuwa nasema hapana."

"Ni mi, Tata. Nilifikiri... Wangemupa mwingine. Nilitaka iwe na heshima."

Baba alifumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, "Iko muzuri. Kila neno iko fasi yake. Nilikuwa nasikia mu redio, nasema huyu ni wetu." Akavuta pumzi. "Ingekuwa mubaya, ningeisahau."

Gari lilipiga honi. Blanchard aliinuka na magoti yake ya tope.

Baba hakumaliza wiki. Kuhara kulimmaliza pale pale, juu ya gunia, mkono wake ndani ya wangu. Blanchard alikuja na jeneza la mbao nzuri, sijui alilipata wapi siku ambazo watu walizikwa ndani ya mikeka, na kwa hilo nilimshukuru. Tulimzika ukingoni mwa mji, mahali ambapo makaburi mapya yalikuwa mengi kuliko ya zamani. Padri alisali upesi kwa sababu wengine walikuwa wanangoja. Alipomaliza, watu walisimama. Kwetu mzee hazikwi bila kusemewa maisha yake, na wote tuliokuwa pale tulijua nani anayeweza kusema kuliko wote. Blanchard alisogea mbele, akavua kofia, akapitisha ulimi kwenye midomo kama alivyofanya kila mara kabla ya kuanza.

"Acha," Ndaya alimwambia.

"Mama Shekina, ni baba yangu pia."

"Acha. Umekwisha kumushukuru."

Hakupandisha sauti. Blanchard alirudi nyuma hatua moja, kofia mikononi, na mjomba wetu mmoja ambaye hakujua kusema alisema maneno machache yaliyovunjika, akalia, akaacha. Tukafukia.

Treni tuliyoipata ilikuja baada ya mazishi, asubuhi ya mvua. Nilikuwa nimekwisha kusukumwa ndani ya behewa la mizigo nilipomwona Ndaya anapenya kwenye umati, Shekina kiunoni, kifurushi kimoja tu mkononi. Nyuma yake Blanchard, bila kofia, analoa.

"Hakuna anayekufukuza!" alikuwa anapiga kelele. "Ndaya! Walinipa neno! Nyumba iko salama!"

Ndaya alinipa mtoto kwanza. Kisha akageuka. "Najua," alimwambia. "Kaa ndani yake."

Akapanda. Kati ya maelfu waliotoka Kolwezi, huenda dada yangu ndiye peke yake ambaye hakufukuzwa na mtu. Blanchard alishika chuma cha mlango akatembea na treni, kisha akakimbia, akimwita binti yake, na Shekina akamnyooshea mikono. Ndaya alitazama upande mwingine. Sitasema kwamba hakulia. Treni ilipofika Lubudi, kwa wakwe zake, bado alikuwa anatazama upande ule ule.

Safari ya Mwene-Ditu, huko Kasai, ilichukua siku nyingi, na tulishusha maiti njiani. Sitaisimulia. Huko tulikofika walituita watu wa Katanga. Hatukuwa na shamba wala lugha. Ndaya alirudia vitumbua vyake, na Kiluba cha Kasai akakijifunza upya kama mtoto, kwa kuchekwa. Blanchard alituma salamu kwa madereva wa malori, Ndaya hakuzijibu. Hakuolewa tena. Alikufa kwa homa mwaka ambao vita vya pili vya Kongo vilikuwa vinaisha, na mpaka anakufa sikumsikia akimtaja kwa jina. Alisema "baba yake na Shekina," basi.

Mimi nilirudi Kolwezi. Watu wananiuliza kwa nini, nami nawaambia ndiko nilikozaliwa, mnataka nirudi wapi? Shaba ilikuwa imeamka, na kobalti nayo. Nilifungua duka la vitenge vya wax karibu na soko. Gradi ni mteja wangu. Mke wake hununua kwangu, na yeye hungoja nje.

Miaka mingi baadaye, Katanga ilipogawanywa na jimbo letu la Lualaba kuundwa, kulikuwa na sherehe kubwa, nasi wafanyabiashara tukaalikwa. Kwenye jukwaa walimpandisha mzee aliyeshikwa mkono pande zote mbili. Sikumtambua mpaka aliposema. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini ilishuka mwisho wa mstari vile vile. Shairi lilihusu umoja: makabila yote, mkeka mmoja, ndugu waliokwenda na ndugu waliorudi. Wakubwa walipiga makofi. Nasikia alikwisha kuwasomea waliowaondoa kina Kalumba, na waliowafuata hao pia. Kila aliyeingia alimkuta ameshavaa shati jeupe.

Baadaye nilikuwa natafuta njia ya kutoka, akaniona. Alikuja na fimbo yake.

"Laurentine. Ni weye?"

"Ni mi, shemeji."

Aliuliza habari za Ndaya, nikamwambia. Machozi yakamtoka, nami nikaona kwamba huzuni yake ni ya kweli, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Na mutoto?"

"Shekina iko Mbuji-Mayi. Ni nesi. Iko na batoto batatu."

Uso wake ukafunguka. "Batoto batatu! Sikia, nimetunga kitabu. Beti zote za maisha yangu, serikali itachapisha. Kuko shairi moja ya kwake, tangu alikuwa mudogo. Utamupelekea? Akisoma, atajua kama..."

"Shemeji," nilisema, "Shekina hajui Kiswahili."

Alinitazama kama sikusema neno.

"Mama yake alikataa kukisema ndani ya nyumba. Mtoto alisahau. Anajua Kiluba na Kifaransa."

"Hata kidogo?"

"Ya kuuliza bei sokoni."

Midomo yake ilisogea, nadhani alikuwa anatafuta neno, yeye ambaye hakuwahi kutafuta. Kijana mmoja mwenye tai alikuja mbio akisema wakubwa wanamngoja kwa picha. Blanchard alinishika mkono, akataka kuniuliza kitu kingine. Kijana alirudia: wanangoja, Tata.

Akauachia mkono wangu, akajinyoosha shati, akaenda.